Msalaba wa Mama Anelė

Mwezi huo wa Februari, mwaka 1990, theluji ilifika madirishani, na mume wangu Vytenis alikuwa hakai nyumbani. Alikuwa mgombea ubunge. Alitaka Lithuania iwe nchi huru, isiamriwe tena kutoka Moscow, na alilisema hilo kila mahali, hata kwenye foleni ya mkate. Sauti ikamkauka. Mama yake, Mama Anelė, alimchua kifua kwa mafuta ya bata huku akimgombeza.

"Hebu funga mdomo unywe supu! Unaongea kuliko redio."

"Mama, kura ni Jumamosi."

"Najua. Mabibi wote wa kanisani ni wako. Nimeshawapanga."

Vytenis alimbusu paji la uso, akatoka tena.

Alhamisi jirani yetu Stefanija alituletea jibini. Alikuwa mwalimu, na mwaka huo alichaguliwa kuwa msimamizi wa kura kijijini.

"Mama Anelė, unajua utakavyopiga kura?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Nilianza kupiga kura wewe ukinyonya! Unapewa karatasi, unaitumbukiza sandukuni, unanunua machungwa yanayouzwa hapo hapo siku ya kura, unarudi nyumbani."

Nilicheka, maana kweli ndivyo tulivyozoea. Karatasi ilikuwa na jina moja tu. Kibanda chenye pazia kilikuwepo, lakini aliyeingia humo alitiliwa shaka. Basi hakuna aliyeingia.

"Safari hii kuna majina matatu," alisema Stefanija.

"Ndiyo maana nitashika kalamu. Nitamchorea mwanangu msalaba mzuri juu ya jina lake, Mungu ambariki. Na wenzangu nimewafundisha hivyo hivyo."

Stefanija aliweka kikombe chini.

"Mama, kwa sheria yetu unakata majina ya usiowataka. Unayemtaka unamwacha bila alama. Msalaba juu ya jina la Vytenis ni kumfuta."

Mama Anelė alikaa kitini kwa kishindo. "Maskini mwanangu! Nimemmaliza kwa mikono yangu."

"Bado," alisema Stefanija. "Leo ni Alhamisi."

Alichukua kipande cha karatasi, akaandika: viazi, kabichi, samaki wa chumvi.

"Tuseme unataka viazi tu. Utafanyaje?"

Mama alifikiri. Akakata kabichi, akakata samaki.

"Vizuri sana!"

"Na nisipokata kitu?"

"Kura imeharibika. Mpishi atajuaje unataka kula nini?"

"Na nikikata vyote?"

"Utalala njaa."

Mama alicheka, akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

Ijumaa tulizunguka nyumba kwa nyumba, theluji ikitufika magotini. Mama alitangulia na karatasi yake ya viazi. Alikataa nimsaidie kueleza. "Mimi ndiye niliyewapoteza," alisema. Bibi Barbora, mkubwa kuliko wote, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani atakuwa ananitazama?"

"Hakuna," alijibu Mama. "Unaingia peke yako. Hata mumeo asiingie."

"Huyo haingii hata nikimbeba!"

Jumamosi tulifika mapema shuleni, palipokuwa kituo cha kura. Mama alipewa karatasi, akaenda hadi kwenye pazia, akasimama.

"Danguolė, twende wote," aliniambia.

"Hapana, Mama. Humo ni wewe na kalamu yako."

Nilimwonea huruma. Kaka yake alipelekwa uhamishoni Siberia kwa maneno machache tu, na hofu hiyo haikumtoka kamwe. Lakini alivuta pumzi, akaingia. Alikaa humo mpaka watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Alipotoka mashavu yalikuwa mekundu.

"Mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Nimewakata wale wawili, hata mwenyekiti wa shamba la ushirika. Kwanza nilimwomba msamaha, maana alituazima farasi siku ya mazishi ya baba yenu. Halafu nikakaa kidogo. Kule ndani hakuna anayekutazama, mwanangu. Miaka yote pazia lilikuwa pale, na sisi tunalikwepa."

Nyuma yetu Bibi Barbora alikuwa tayari ameshika pazia, akisukuma fimbo yake mbele.

Vytenis alishinda. Kila nchi ina namna yake ya kupiga kura, na namna hubadilika. Kwa hiyo uliza kabla ya siku yenyewe, kama tulivyoulizwa sisi, usije ukamfuta unayempenda.

Tarehe kumi na moja Machi wabunge walikuwa Vilnius, mji mkuu, wakipigia kura uhuru wa nchi. Tulikaa jikoni na Stefanija, redio ikiwa juu ya meza, supu imepoa. Majina yalisomwa moja moja. Liliposomwa la Vytenis na kura yake ya ndiyo, nililia bila aibu. Mama Anelė hakulia. Alipiga ishara ya msalaba kifuani, mahali pake hasa, akatutazama kwa majivuno.

"Mmesikia?" alisema. "Hilo ndilo jina ambalo sikuligusa."