Uso wa Haji

Wiki ile mtaa mzima wa Utemini ulikuwa unausema uso wa Haji. Anarudi kutoka kwenye mashine ya alizeti amenuna. Anaonja ugali, anasukuma sahani. Simu ikiita, anatoka nje, ananong'ona.

"Ana mwanamke," mkewe Rukaiya alijiambia. "Kesho atanirudisha kwetu."

Akafunga nguo zake na za mtoto wao Mboni kwenye khanga. Afadhali aondoke kabla ya kufukuzwa.

Jirani yao Hanifa, mhudumu wa afya wa mtaa, akaingia, akaliona furushi.

"Shikamoo, dada Hanifa."

"Marahaba. Safari ya wapi hii, na mimi sijaambiwa?"

Rukaiya akamweleza yote.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nyuso nazijua, dada. Mama aliniacha kwa shangazi, Ihanja. Shangazi akanuna, kesho yake nikapelekwa kwa bibi, Misigiri. Bibi naye akanuna, nikapelekwa kwa mjomba."

"Ndiyo hapo sasa. Mtoto anayehamishwahamishwa hujifunza kuchunguza nyuso. Ilikusaidia wakati ule. Lakini ukubwani macho hayo huona hasira upesi, hata pasipo na hasira. Mtu amechoka, wewe unaona chuki."

"Mimi sikosei."

"Haya. Mbona umenikunjia uso? Umenikasirikia?"

"Mimi? Nakusikiliza tu!"

Hanifa akacheka. "Na mimi nilidhani unataka kunipiga! Nimeuliza, nimejua. Na wewe muulize. Sema unachoona, sema unachohofia, halafu sikiliza. Akikujibu kwa kofi, njoo kwangu."

Jioni Rukaiya akajikaza. "Baba Mboni, siku hizi umenuna. Naogopa umenichoka. Ni kweli?"

Haji akapanua mdomo, akaonyesha kwa kidole. "Jino, Mama Mboni! Siku ya sita leo. Ningekwambia, ungeniburuza hospitali. Ndiyo maana nanong'ona na Gervas wa mashineni, ananitafutia dawa."

"Gervas? Mpigie hapa hapa, nisikie."

Haji akapiga, akaweka sauti ya nje. Gervas hakusubiri hata salamu. "Mwoga wewe! Hujang'oa tu?"

Rukaiya akacheka mpaka akakaa chini. Lakini furushi hakulifungua.

Kesho yake Haji alirudi kutoka hospitali. Shavu limevimba, uso mbaya kuliko siku zote. Moyo wa Rukaiya ukashtuka, kama kawaida yake. Safari hii akauliza.

"Ni jino, au ni mimi?"

"Jino," Haji akajibu kwa shida. Akamshika mkono.

Rukaiya akaenda chumbani, akalifungua furushi.