Sanduku Lililokula Maoni

Ijumaa ya tatu sanduku la maoni lilifunguliwa likakutwa tupu, na hapo ndipo Verediana alipoanza kuogopa. Wiki ile yeye mwenyewe alikuwa ametumbukiza karatasi. Alimwona mwenzake Dismasi akitumbukiza mbili, na Khamisi, fundi wa mitambo, alikuwa ameandika kwenye kipande kigumu cha boksi la simu. Sasa Meneja Eliakimu aliligeuza sanduku juu chini mbele yao wote, akalipiga makofi ya nyuma kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga. Hakikuanguka kitu. Ilitoka harufu ya udi tu.

"Hamna maoni," meneja akasema, tena kwa furaha. "Basi hamna tatizo. Turudi kazini."

Walikuwa watu saba katika ofisi ya Wimbi Salama, ghorofani, Kigoma mjini. Kazi yao ilikuwa kutuma ujumbe wa simu kuwaonya wavuvi wa dagaa pale upepo mkali unapotarajiwa ziwani. Watu wa kompyuta, wasomi wote, lakini kwenye kikao cha Eliakimu usomi wako unaukalia. Hakupenda kukatizwa. Ndiyo maana alinunua lile sanduku Ujiji, katika nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. Lilikuwa la mninga, lenye nakshi za shaba. Akalitoboa tundu juu na kubandika maandishi: TOA MAONI YAKO. USITAJE JINA. Tangu hapo, ukifungua mdomo kikaoni anakuonyesha sanduku kwa kidole. Andika, tumbukiza, kaa kimya.

Sauti ilikuwa ikisikika mchana, ofisi ikitulia baada ya chakula. Kra, kra, taratibu, kama mbuzi anayetafuna gazeti. Kila mtu aliisikia na kila mtu alijifanya ni panya. Na Dismasi, ambaye zamani hata kumpa pole mfiwa alitumia nusu saa, siku hizi ukimuuliza lolote anajibu "sawa" na kuendelea kutazama ukuta.

Jumapili Verediana alikwenda Kibirizi kumsaidia mama yake, Agnesi, kuanika dagaa mchangani.

"Mwana wanje," mama akamwita kwa Kiha, "lile jambo uliloniambia, wakubwa wamelipokea?"

"Jambo lipi, mama?"

Agnesi akacheka akidhani anataniwa. "La simu! Si ulisema vijana hawaendi na simu majini, wanaziacha nyumbani zisilowe? Ujumbe wenu wa saa kumi na mbili unalia kitandani na mwenye simu yuko ziwani. Ukasema mtutumie sisi waanikaji, saa kumi, maana tuko hapa na simu zetu, tuwazuie kabla hawajasukuma mitumbwi."

Verediana alisikiliza neno kwa neno. Lilikuwa wazo zuri sana. Hakuwahi kulisikia maishani mwake.

"Mimi nilisema hayo?"

"Ukanichorea na kijiti, hapa hapa."

Dagaa wakamdondoka mkononi. Mwezi uliopita upepo wa kusini ulichukua wanaume wawili, na ujumbe ulikuwa umetumwa. Simu zao zilikutwa vitandani, chini ya mito ya kulalia. Sasa mbalamwezi, inayowapumzisha wavuvi wa taa, ilikuwa imekwisha, kesho giza lingeanza na mitumbwi yote ingerudi majini, na mdogo wake Pastory angekuwa kwenye mmojawapo. Aliandika wazo lile kiganjani kwa kalamu, akampigia Khamisi, na alasiri ile ile wakaenda Ujiji kwa bibi yake Khamisi.

Bi Mwamini alikuwa mganga, lakini hakuwa na mbwembwe. Aliitikia shikamoo zao, akawasikiliza akichambua maharage, kisha akamwambia Verediana, "Fungua mkono, mjukuu wangu."

Kiganja kilikuwa cheupe. Wino wote ulikuwa umeliwa kuanzia pembeni, ikabaki nukta moja tu, na mkono ukanuka udi.

"Ni yeye," bibi akanong'ona. "Mwenye nyumba ile iliyobomolewa hakutaka kusemwa. Alifuga jini ndani ya sanduku, akawaambia watu wake, mwenye lalamiko alipeleke pale, kwa siri. Wakapeleka, mwishowe wakasahau hata walilalamikia nini. Nyinyi mkalipeleka ofisini, mkalitilia na chakula!"

"Tupe dawa, bibi," Khamisi akasema. "Hirizi, kombe, chochote."

"Hirizi ya nini, na mdomo unao? Huyo hali neno lenye mwenyewe. Lisemwe mbele ya watu, mchana, na msemaji ajitaje kwa jina la mama yake." Akamtazama Verediana machoni. "Ila ujue, jini akishalijua jina la mama yako, hatakusahau."

Njia nzima ya kurudi, na usiku kucha, Verediana alilirudia wazo lake mdomoni kama mtoto aliyetumwa dukani.

Jumatatu, saa tisa alasiri, kikao. Ramani ya hali ya hewa ilionyesha upepo wa kusini, mkali, kuanzia saa mbili usiku.

"Ujumbe utatoka saa kumi na mbili, kama kawaida," Eliakimu akasema. "Kuna lingine?"

Verediana akasimama. Meneja hakumtazama hata usoni. Kidole chake kilielekea sandukuni chenyewe.

"Sitaandika," Verediana akasema. "Leo nasema."

Kra. Sanduku likaanza kutafuna na halikuwa na karatasi ndani, likatafuna kwa haraka, na harufu ya udi ikajaa chumbani mpaka Frida wa mapokezi akajiziba pua, na Verediana akahisi ulimi ukiwa mzito, akahisi maneno aliyoyalinda usiku kucha yakiondoka kichwani moja moja, simu ikaondoka, saa kumi ikaondoka, mchanga wa Kibirizi ukaondoka, na alipomgeukia meneja akaona mdomo wa meneja uko wazi na midomo haisogei, na ndani yake ikatoka sauti nyembamba, ya zamani, isiyo yake, ikisema kwa upole mkubwa, "Andika, binti. Usijitaje. Nani atajua ni wewe?"

Hapo woga ukageuka hasira. Verediana alimkumbuka mama yake ameinama mchangani, na kumbukumbu hiyo jini hakuweza kuila.

"Mimi ni Verediana, binti Agnesi!" alipaza sauti. "Na hili ni langu! Wavuvi wanaacha simu nyumbani. Tuwatumie wanawake wanaoanika dagaa. Tuwatumie saa kumi, sio saa kumi na mbili, wawazuie waume na watoto wao ufukweni!"

Sanduku likaruka mezani. Kisha kiti kikakwaruza sakafu.

"Mimi ni Dismasi, mtoto wa Catherine," akasema Dismasi, akisimama. "Namba za waanikaji ninazo. Niliziandika mara mbili, zikaliwa."

"Khamisi wa Hasna! Mtambo naubadilisha kwa dakika kumi."

Waliinuka wote saba kasoro mmoja. Kila jina lilipotajwa mbao zililia, hadi mninga ukapasuka katikati na uji wa karatasi zilizotafunwa ukamwagika mezani, wa moto, ukifuka moshi. Eliakimu alianguka magotini, akakohoa, akatapika karatasi moja nzima. Ilikuwa kwa mwandiko wake, ya siku ile alipolijaribu sanduku: *Nahofia wavuvi hawausomi ujumbe wetu.*

Akaisoma mara mbili. Machozi yakamtoka mzee wa watu. "Tumeni," akasema. "Tumeni sasa hivi."

Saa kumi na dakika nne simu zililia ufukwe mzima. Saa kumi na moja Pastory alimpigia dada yake, amekasirika kwelikweli: "Dada, umemwambia nini mama? Amekalia mtumbwi, amekataa kushuka!" Saa mbili upepo ukafika, ukayapandisha maji hadi kwenye vichanja vya dagaa, na usiku ule ziwani hapakuwa na taa hata moja.

Sanduku walilichoma Ujiji mbele ya Bi Mwamini. Vikao vya Wimbi Salama siku hizi vina kelele kama mnada, na Eliakimu anakatizwa mpaka anasahau alipoishia.

Wiki ya pili, katikati ya kelele hizo, simu ya Verediana ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya ofisi yenyewe, na hakuna aliyeutuma. *Verediana binti Agnesi. Una wazo jipya, naliona. Niandikie mimi peke yangu.* Udi ukanukia, kidogo tu.

Akausoma ujumbe kwa sauti ili wote wasikie, akaiweka simu katikati ya meza, uso juu, na akasimama.

"Wazo ninalo," akaiambia simu. "Kaa usikilize na wengine wote."