Maputo ya Jilala

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia mpunga, Ngassa alimbeba mwanawe mgongoni hadi chooni. Mwana huyo, Jilala, alikuwa mtu mzima, mchimba dhahabu, na mcheza ngoma hodari wa kundi la Bagika. Sasa miguu yake ilikuwa imekufa ganzi hadi magotini.

"Ni Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma," Ngassa alimwambia mkewe, Mageni. "Tuliwashinda uwanjani, wakamtegea dawa."

Mganga alimchanja Jilala miguu yote miwili. Hakusikia hata wembe. Ngassa akakata tamaa.

Jirani yao Euphrasia, muuguzi wa zahanati, akaja.

"Shikamoo, Baba Jilala."

"Marahaba. Kama umeleta pole, nimeshapewa za kutosha."

Euphrasia akamgeukia Jilala. "Kule machimboni unavuta nini?"

"Sivuti sigara, dada."

"Sikuuliza sigara."

Jilala akainamisha kichwa. "Maputo. Yanajazwa gesi ya kucheka. Tunavuta kila siku, na kabla ya ngoma. Mwili unakuwa mwepesi. Lakini mimi nilikuwa mzima!"

"Hata mzima huumia. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Ukivuta gesi hiyo, umeme ule hubadili mwendo, ndiyo maana unaona dunia inaelea. Hospitali huitoa kwa kipimo, pamoja na oksijeni, mtaalamu akikuangalia. Ukiacha kuvuta, umeme hurudia mwendo wake. Lakini ukivuta kila siku, gesi huizuia vitamini B12 isifanye kazi. Mishipa ya fahamu huharibika, miguu hufa."

"Kwa hiyo si Bagalu?" aliuliza Ngassa.

"Bagalu nao wanavuta, Baba. Mmoja wao amelazwa Kahama. Kwao wanasema mmemroga nyie."

Ngassa akakaa chini, puu. "Atapona?"

"Sijui. Mmechelewa. Aache leo, na amwambie daktari ukweli wote."

Wakampeleka Kahama. Jilala alisema kila kitu, akapimwa damu, akaanza kuchomwa sindano za vitamini.

Miezi mingi baadaye alisimama kwa fimbo. Lakini hisia za nyayo hazikurudi.

Baada ya mavuno, wachezaji wa Bagika walikuja kumtaka Ngassa achangie dawa ya kulipiza kisasi.

"Dawa ya nini?" alifoka. "Mwanangu kajimaliza kwa maputo!"

Jilala akainua mguu. Mwiba mrefu ulikuwa umezama kwenye unyayo, damu imekauka.

"Umeingia lini?" aliuliza Edson, mpiga ngoma wao.

"Sijui. Ndiko kupona kwangu huku."

Hakuna aliyecheka. Edson akatoa maputo mfukoni, akayatupa kwenye moto wa Mageni. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja.

Ngassa akapiga magoti, akaanza kuuchomoa mwiba. Jilala alikuwa akitazama pembeni.