Joto Lililopotelea Dirishani

Kila akitoka shule, Jessa Mae Sumagaysay alitupa begi kwenye kochi, akafungulia hita ya ukutani mpaka mwisho, akavua sweta na kubaki na fulana kama yuko kwao Iloilo, Ufilipino. Kisha alipika wali na kukaanga samaki wakavu. Mama yake, Rowena, alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee mpaka jioni. Mimi naishi mlango unaotazamana na wao, nami pia ni Mfilipino, kwa hiyo harufu ile haikunisumbua. Wajerumani wa jengo letu ndio walioona taabu.

Leonie wa ghorofa ya chini alisoma darasa moja na Jessa. Siku moja alibana pua ngazini mbele ya wenzake.

"Jamani Jessa, leo kwenu mmechemsha soksi za nani?"

Wote wakaangua kicheko. Jessa alicheka nao, lakini aliumia sana. Tangu siku hiyo akawa anaacha dirisha la jikoni wazi mchana kutwa, baridi yote ya mji wetu wa Kassel ikiingia, na hita ikiwaka kwa nguvu zote ili asigande. Mama akikaribia kurudi, analifunga haraka haraka. Rowena alikuwa amemkanya tangu mwanzo: zima hita kwanza, fungua dirisha kidogo tu, kisha funga. Jessa aliitikia, "Ndiyo, Mama," akafanya alivyotaka.

Rowena alipanga matumizi yake kwa bahasha, kama wengi wetu. Kulikuwa na bahasha ya kodi, ya chakula, ya nauli, na ya dawa za bibi kule nyumbani. Bahasha iliyonenepa polepole ilikuwa na jina la Nonoy, mdogo wake Jessa mwenye miaka saba, aliyebaki kwa bibi. Viza ya mtoto ilikuwa imeshagongwa. Ilibaki tiketi tu, na ilibidi aingie nchini kabla viza haijaisha mwezi wa saba.

Bahasha ya joto hakuwa nayo. Kwetu nani analipia joto? Jua linatuchoma bure! Kila mwezi alitoa kiasi kidogo cha joto pamoja na kodi, akadhani yameisha.

Mwezi wa tano ikaja bili ya joto ya mwaka mzima. Alichokwisha kulipa hakikufika hata nusu yake.

"Wametuibia hawa!" Rowena alifoka, akashuka kwa msimamizi wa jengo. Mimi nilimfuata, na Jessa nyuma yetu.

Msimamizi, Bwana Krämer, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, mita haina tatizo. Dirisha lenu la jikoni lilikuwa wazi majira yote ya baridi. Nilidhani unajua."

"Dirisha langu? Thubutu! Binti yangu nimemkanya mwenyewe..." Rowena aligeuka. Jessa alikuwa anatazama sakafu.

"Ni mimi, Mama. Walinicheka kwa sababu ya samaki."

Rowena hakufoka tena. Alirudi ndani, akaifungua bahasha ya Nonoy, akalia kwa sauti. Nililia naye. Sikuwa na senti ya kumkopesha, maana deni la wakala aliyetuleta lilikuwa bado shingoni mwetu wote, na mwenye nyumba hakutaka kusubiri.

"Mwambie mtoto karatasi zimechelewa," nilimshauri.

"Hapana, dada. Nimedanganywa vya kutosha humu ndani. Jessa atamwambia mwenyewe."

Jumamosi walipiga simu. Nonoy alitokea kwenye kioo cha simu amevaa koti zito, jasho likimtiririka.

"Dada, ona koti langu! Bibi anasema nitaiva!"

"Nonoy, huji mwezi ujao."

"Kwa nini?"

"Hela ya tiketi imelipia joto. Niliacha dirisha wazi. Kosa ni langu."

"Sasa nitakuja lini?"

"Labda mwakani. Itabidi tuombe viza upya."

Mtoto alianza kuvua koti. "Lakini nimeshampa rafiki yangu Tikoy jogoo wangu. Nilimwambia sirudi tena."

Jessa alimpa mama yake simu, akakimbilia jikoni. Rowena alimbembeleza Nonoy mpaka akatulia, kisha akaingia na bahasha mpya aliyoiandika neno moja: Joto.

"Na mimi nimekosea," alisema. "Nimekuja nchi ya watu nikapanga matumizi kama niko Iloilo. Nilipaswa kuulizia kila kitu, mpaka hewa ya moto. Lakini wewe ulijua, mwanangu, ukanificha. Ungeniambia wanakucheka, ningekwenda kuzungumza na mama yake Leonie, yakaisha. Kuchekwa kunaumiza, lakini kunapita. Uliponificha, sikuweza kukusaidia."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Bili tumeshailipa, na mwaka huu tutaanza kuweka akiba ya joto mapema. Hela tutaipata tena. Lakini mwaka mzima wa utoto wa Nonoy umepotelea kwenye dirisha hilo, na huo hakuna wa kuturudishia."