Yai la Lornah

Kila Jumamosi asubuhi Beldina alipima mayai yake kwa maji. Alijaza beseni, akayatia mayai moja moja, akatazama. Yai lililolala chini lilikuwa jipya. Yai lililoelea alilitupa shimoni. Hakuna mtu aliyewahi kumrudishia Beldina yai bovu. Jambo hilo lilijulikana kijiji kizima cha Kisian, na yeye mwenyewe alipenda lijulikane.

Mwaka huo, 1987, alikuwa na kuku kumi na wanne. Mchana walichakura uani. Jioni waliingia katika kibanda alichojengewa na mwanawe Obiero, fundi seremala. Mayai machache aliwaachia kuku walalie. Mengine ishirini yalichukuliwa kila wiki na Walter, mpishi wa nyumba moja kubwa ya Milimani, mjini Kisumu. Walter alikuja kwa baiskeli, na kikapu chake kilitandikwa nyasi.

Nyumbani, Obiero alikula yai mara chache. Mkewe Selpha hakula, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa hapo. Binti yao Lornah, mwenye umri wa miaka miwili, hakuonjeshwa kabisa.

"Mtoto akila yai kabla hajajua kuongea, ulimi wake unachelewa," Beldina alisema. "Katika boma hili nimeshaona."

Selpha hakubishana na mama mkwe wake. Lakini alisoma hadi darasa la saba, na kadi ya kliniki ya Lornah aliweza kuisoma mwenyewe. Kila mwezi muuguzi alitia alama mahali uzito wa mtoto ulipofika. Mwaka wa kwanza alama zilipanda. Sasa alama tatu zilikuwa zimesimama mstari mmoja, kwenye kilo tisa.

Jumanne moja Nekoye alifika na mfuko wake begani. Nekoye alikuwa jirani, mke wa mwalimu, mzaliwa wa Bungoma. Wanakijiji walikuwa wamemchagua awe mhudumu wa afya, naye alikuwa amepata mafunzo.

Alitoa utepe wenye rangi tatu, akauzungusha kwenye mkono wa Lornah, juu ya kiwiko.

"Kijani ni mtoto mwenye afya," alieleza. "Manjano ni hatari inayokaribia. Nyekundu ni kwenda hospitali, na pengine kulazwa."

Selpha aliinama kuangalia. Utepe ulisoma manjano, karibu na nyekundu.

"Anakula nini?" Nekoye aliuliza.

"Uji wa wimbi asubuhi," Selpha alijibu. "Mchana na jioni ni ugali na mchuzi wa samaki."

"Mchuzi tu, au na samaki mwenyewe?"

Selpha alisita kidogo. "Mchuzi."

Nekoye alitazama uani. Kuku mwekundu alikuwa akitoka kibandani, akilia kama wanavyolia wakishataga.

"Dawa ya mtoto huyu inapiga kelele hapo nje," alisema.

Beldina, aliyekuwa akipepeta mtama, aliweka ungo chini. "Wewe Nekoye ni Mluhya. Kwa habari ya kuku na mayai huwezi kuwa shahidi. Nyinyi hata mgeni akikohoa mnachinja kuku."

Nekoye alicheka. "Kweli, Mama. Lakini kwetu zamani kuku alikuwa wa wanaume. Mama yangu alimpika miaka thelathini bila kuonja hata mchuzi. Ukitaka shahidi aliyekula, mimi siye. Nimeanza juzi tu."

"Hata hivyo, mayai hapana. Muulize Enos."

Enos alikuwa mwana wa pili wa Beldina. Alifanya kazi kwenye posho mill ya Kisian, kinu cha kusaga unga, na wakati huo huo alikuwa akiingia langoni na gunia la unga, mweupe hadi kwenye nyusi.

"Huyu alikuwa akiiba mayai kibandani akiwa mdogo sana," Beldina alisema. "Alikaa hadi miaka minne hajasema neno la maana. Ndiyo sababu nakataza."

"Enos, ni kweli?" Nekoye aliuliza.

"Njoo upande huu, shemeji," Enos alijibu kwa sauti kubwa. "Hilo sikio lingine ni la mapambo."

Nekoye alihamia upande wa pili. "Sikio hilo lina nini?"

"Halisikii. Tangu utotoni."

Nekoye alimgeukia Beldina. "Mama, Enos alipokuwa mdogo, masikio yake yaliwahi kutoa usaha?"

"Yalitoa. Muda mrefu. Niliyapangusa kwa pamba, yakakauka, yakaanza tena."

"Kabla hajaongea, au baada?"

Beldina alifikiri. Alikuwa mtu wa kukumbuka mambo kwa mpangilio. "Yalianza kabla hajatembea. Yalikauka kabisa akiwa na miaka minne hivi."

"Na alianza kuongea lini?"

Enos alitua gunia chini. "Kwa hiyo mimi nilikuwa sisikii. Na miaka yote hii mmeyasingizia mayai."

"Mtoto hujifunza maneno kwa kuyasikia," Nekoye alisema. "Maneno yasipoingia, hayatoki. Na kama Enos aliiba mayai, basi labda ndiyo yaliyompa nguvu za kubeba hilo gunia."

Beldina hakutabasamu. "Wewe unasema. Mimi pia nilisema miaka mingi. Yai ndani yake lina nini hasa?"

"Mama, wewe umeangua vifaranga zaidi ya mtu yeyote hapa. Kifaranga anapokuwa ndani ya ganda, ni nani anayempelekea chakula?"

"Hakuna."

"Siku ishirini na moja baadaye anatoka na nyama, damu, macho na ubongo. Vyote vimejengwa kwa vilivyomo. Mna protini, inayojenga mwili. Mna vitamini A, inayosaidia macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Yai si muujiza. Lornah anahitaji pia samaki mwenyewe, omena, maharagwe, mboga na matunda. Lakini yai liko hapa uani."

Beldina alichukua ungo wake, kisha akauweka tena. "Mimi mayai siyaamini kwa maneno. Nayatia majini."

"Basi mpime Lornah vivyo hivyo," Nekoye alisema. "Mayai manne kila wiki, miezi minne. Utepe na mizani vitatoa majibu. Na Selpha ale pia. Mama wa mtoto anahitaji mwili."

Akawaeleza namna ya kufanya. Yai lichemshwe dakika kumi tangu maji yaanze kutokota, hadi kiini kiwe kigumu. Mtoto asipewe yai bichi wala lililoiva nusu, kwa sababu linaweza kumharisha. Lipondwe, lichanganywe na uji au ugali. Mtu akishika kuku au mayai anawe mikono kwa sabuni.

"Siku ya kwanza mpeni kidogo," aliongeza. "Akitoka vipele, akivimba uso au akihema kwa shida, acheni, mkimbizeni hospitali. Ni watoto wachache wanaodhurika, lakini wapo."

Kesho yake Beldina alichemsha yai mwenyewe. Alilimenya, akamega kipande, akakitia mdomoni kabla ya kumpa mjukuu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hilo lilikuwa yai lake la kwanza.

Selpha alingoja. "Mama, likoje?"

"Linahitaji chumvi," Beldina alisema. "Lakini mtoto mpe hivi hivi."

Lornah alikula, akafungua mdomo tena.

Jumamosi Walter alikuta mayai kumi na matatu. "Mama, na yale mengine?"

Beldina alitazama pembeni. Alikumbuka miaka mingi ya kukataza mayai, na hakutaka mtu wa nje ajue kwamba amebadilika. "Kuku hawatagi vizuri," alisema. Akasema hivyo wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Obiero naye alianza kugawa samaki wake. Alitoa miiba kwa vidole vyake vya useremala, polepole, akamwekea Lornah sahanini.

Mwezi wa kwanza alama ya kadi ilipanda kidogo. Mwezi wa pili ikapanda tena. Selpha aliipeleka kadi kwa Beldina, akamwonyesha kwa kidole. Beldina hakujua kusoma, lakini mstari unaopanda aliuelewa.

Siku ya kupima ya mwezi wa nne, akina mama walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Mizani ilining'inia kwenye boriti. Beldina alimbeba Lornah mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Kilo kumi na gramu mia mbili," Nekoye alisoma. Kisha akazungusha utepe.

Lornah alivuta mkono. "Dani, mkono wangu!" aliita. Hivyo ndivyo alivyomwita nyanya yake.

Nekoye aliinua utepe ili wote waone. Kijani.

"Na anaongea," mama mmoja alisema. "Basi mayai yanafungua ulimi."

"Hapana," Nekoye alijibu. "Anasikia vizuri, na wakati wake umefika. Yai limemjenga mwili. Ulimi halikuufunga. Hayo mawili ndiyo tunayoyajua."

Beldina aliomba utepe. Aliushika mkononi, akauangalia mbele na nyuma kama anavyoangalia yai juani. Kisha akampelekea kila mama aliyekuwa pale aone mahali mkono wa Lornah ulipofika. Hakumruka hata mmoja.

Jumamosi Walter alifika na baiskeli yake. Mayai yalikuwa yamekwisha pimwa kwa maji.

"Kumi na matatu tena," alisema. "Mama, kuku bado hawatagi vizuri? Mwajiri wangu ananiuliza. Mtoto wake anakula yai kila asubuhi, na anaongea mpaka kichwa kinaniuma."

"Kuku wangu wanataga vizuri sana," Beldina alisema.

"Sasa nimwambie nini?"

Beldina alimpandisha Lornah kiunoni.

"Mwambie kwangu pia kuna mtoto."