Stika Iliyosuguliwa kwa Mchanga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ottilia hubeba masufuria mpaka ufukoni mwa Ziwa Nyasa na kuyasugua kwa mchanga hadi yang'ae. Katika kazi hiyo hana mpinzani. Hata mama yake, ambaye si mwepesi wa kusifu, husema masizi yakimwona Ottilia hujiondokea yenyewe.

Basi shule yao ilipopewa kompyuta iliyokwisha kutumika, na Mwalimu Mwanabibi akamwambia aifute vumbi, Ottilia aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nyuma ya kompyuta aliona stika chakavu yenye herufi nyingi, imeganda uchafu. Akachukua tambara bichi, akalichovya kwenye mchanga, akasugua mpaka stika ikatoka yote. Alijiona amefanya la maana.

Jumatatu kompyuta iliwaka vizuri, ila haikuingia kwenye intaneti. Katika orodha ya vifaa vyake, kimoja kilikuwa na alama ya njano na maneno "kifaa kisichojulikana". Mwalimu alilieleza darasa la sita kwamba kila kifaa cha ndani, kama kile cha kunasa intaneti, kina programu ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita draiva. Ili kuipata, lazima ujue aina ya kompyuta, na aina huandikwa kwenye stika. Ottilia aliposikia hivyo aliinamisha kichwa, akanyamaza.

Mwalimu alijaribu draiva tatu za kubahatisha. Zote zilikataa.

"Stika yenyewe haina," alisema Alhamisi, amechoka. "Nadhani waliokuwa nayo walishaibadilisha vitu vya ndani, wakaiwekea vibovu. Kesho gari litaichukua, irudi ilikotoka."

Wanafunzi walitoka. Ottilia aliwafuata. Alifika mlangoni, akarudi.

"Mwalimu, samahani. Stika ilikuwepo. Niliitoa mimi, kwa mchanga."

"Mchanga?"

"Wa ziwani, mwalimu. Nilidhani ni uchafu."

Mwalimu Mwanabibi alitoa simu badala ya kufoka. "Kumbe huenda haina ubovu wowote," alisema. Akampigia Fundi Florian wa Mbinga mjini, akamweleza yote.

Fundi alicheka hadi akakohoa. "Kama ni stika tu, msihangaike. Kifaa kina namba yake humo humo ndani. Fungueni maelezo ya hicho chenye alama ya njano. Mtaona makundi mawili ya herufi na tarakimu, nne nne. La kwanza ni la mtengenezaji, la pili ni la kifaa chenyewe. Huyo aliyesugua ndiye anisomee."

Mwalimu alifungua maelezo, Ottilia akasoma moja moja. "Nane," alisema, akasita.

"Usikisie, mama. Angalia tena."

Akasogeza uso karibu na kioo. Haikuwa nane, ilikuwa B. Alirudia yote tangu mwanzo.

Haikupita nusu saa, draiva aliyoituma fundi ikaingia kwenye simu ya mwalimu, naye akaihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Kompyuta ilijizima, ikawaka tena. Alama ya njano ilikuwa imetoweka. Mwalimu aliwasha intaneti ya simu yake na kompyuta ikainasa. Wanafunzi waliokuwa uwanjani walirudi mbio, wakajazana dirishani. Ottilia alirukaruka kwa furaha mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Picha ya kwanza waliyofungua ilikuwa ya ziwa lao kutoka angani, na ufuko wake wa masufuria ulionekana.

"Ottilia," mwalimu alisema kelele zilipotulia, "kusugua stika hukukusudia. Kunyamaza siku nne ulikusudia, na siku zote hizo nilikuwa nikitafuta gizani. Umesema kweli leo, ndiyo maana kompyuta inabaki. Siku nyingine sema siku ile ile."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, kuanzia leo wewe ndiye mtunzaji wake. Kwa kitambaa kikavu."

Ottilia aliandika zile herufi na tarakimu nane kwenye karatasi, akazihakiki mara mbili, kisha akaibandika pale pale ilipokuwa stika.