Sauti Saba za Kasuku

Kila siku masomo yalipokwisha, Kasuku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kazini kwa mama yake mdogo, mtaa wa pili kutoka shuleni, kisha wakaongozana kurudi nyumbani jioni. Hilo lilikuwa agizo la mama yake, na kati ya maagizo yote ya mama, ndilo pekee ambalo Kasuku hakuwahi kulinung'unikia.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake darasani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye kipaji cha kuiga sauti. Aliweza kumwiga mlinzi wa shule anapokohoa, au mwalimu wa hesabu anapoulizia chaki, hata watu wakageuka kutazama kama mwenyewe amefika. Mara mbili alikuwa ameadhibiwa kwa sababu mwenyewe alikuwa amefika kweli.

Kazini kwa Mama Mdogo palikuwa chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa cha kinyozi. Kinyozi alihama, akaacha kioo kikubwa ukutani na kiti kimoja cha kuzunguka. Kampuni yenyewe ilikuwa na umri wa miezi minane na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Bosi, kijana mrefu aliyeianzisha, ambaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi, karani, mpiga simu na mfagiaji. Wa pili alikuwa Mama Mdogo, mhandisi wa kompyuta. Kwa kuwa hawakuwa na ubao, waliandika mambo yao kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito. Ukijitazama humo ulijiona una hesabu puani.

Kazi ya Mama Mdogo ilikuwa kuifundisha kompyuta kusikia watoto wakisoma.

"Kompyuta haikuzaliwa na akili," alimweleza Kasuku siku moja. "Mtoto mchanga hujifunza maneno kwa kuwasikia watu wa nyumbani. Hii nayo tunaisikilizisha watoto wengi, mpaka ijue neno 'mlango' linavyotoka kinywani mwa huyu na mwa yule. Baadaye mwanafunzi akisoma mbele yake, neno alilopatia linakuwa la kijani, alilokosea linakuwa jekundu."

"Kwa hiyo itakuwa mwalimu?"

"Itamsaidia mwalimu mwenye wanafunzi sitini na masikio mawili tu."

Ijumaa ya wiki ile, Mwalimu Mkuu wa shule ya Kasuku alikuwa aje kuitazama programu hiyo. Akiikubali, ingeanza kutumika katika darasa moja, nayo kampuni ingepata pa kuanzia. Akiikataa, Bosi angerudisha funguo za chumba, na Mama Mdogo angerudi kwenye kazi yake ya zamani katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Kasuku alilala chumba kimoja na Mama Mdogo, wakichekeshana kila jioni mpaka mama awagongee ukuta. Hakutaka hata kuufikiria mji huo.

Kwa sababu hiyo alifurahi sana wiki mbili kabla ya siku hiyo, alipopewa kazi. Wazazi wa wanafunzi thelathini walikuwa wametia saini barua za ruhusa. Mama Mdogo alimpa simu ya kurekodia na karatasi ya sentensi kumi, kama vile "Mvua ikinyesha tutaanua nguo" na "Baba amefunga mlango wa ghala." Kila mtoto alitakiwa kuzisoma zote, na Kasuku aandike namba yake, kuanzia moja mpaka thelathini. Mwalimu wa darasa aliwapa chumba cha vifaa vya michezo wakati wa mapumziko.

Siku za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Watoto walipanga foleni wakisukumana, kila mmoja akitaka kuisikia sauti yake. Lakini kazi yoyote ina mkia, na mkia wa hii ulikuwa mgumu. Walibaki saba. Wawili walikuwa wagonjwa, wanne walikuwa wakikimbilia uwanjani kabla hajawakamata, na wa saba alikuwa Kimya.

Kimya alikuwa mvulana anayekaa dawati la mbele, aliyeitwa hivyo kwa sababu alisema kwa nadra. Alikuwa na kigugumizi. Alijua kusoma vizuri, ila maneno mengine yalimkwama mdomoni, akawa anayangojea mpaka yatoke. Kasuku alimwita mara moja. Sentensi ya kwanza ilichukua muda mrefu, na nje wasichana walikuwa wanaanza fainali ya kuruka kamba, ambayo bila Kasuku timu yake ingeshindwa.

"Tutaendelea kesho," Kasuku akamwambia, akaifuta ile sentensi moja.

Kesho yake ikawa kesho kutwa. Mwishowe, alasiri moja nyumbani, Kasuku alijifungia chumbani, akajifunika blanketi kichwani ili kelele za mtaani zisiingie, akasoma sentensi zote sabini mwenyewe kwa sauti saba. Moja aliifanya nzito, moja nyembamba, moja ya mtu mwenye mafua. Alipofika kwa Kimya alisita. Hata yeye, mwigaji hodari, aliona haya kuiga kigugumizi cha mwenzake. Akasoma kwa sauti ya upole iliyotiririka bila kukwama, akaandika namba kumi na tisa. Alitoka kwenye blanketi amelowa jasho, akijiambia kwamba sauti ni sauti tu.

Jumatatu alipoingia ofisini alimkuta Bosi akicheza na ufagio. Juu ya kioo paliandikwa kwa herufi kubwa: 94.

"Tisini na nne kwa mia, Kasuku! Tumeitahini kompyuta, na katika kila maneno mia imepatia tisini na nne. Nimeshampigia Mwalimu Mkuu kumwambia."

Mama Mdogo hakucheza. Aliketi kwenye kiti cha kinyozi, akijizungusha taratibu, huku na huku.

"Hufurahi, Mhandisi?" Bosi akamwuliza.

"Nafurahi nusu. Mtoto wa juzi akikimbia leo, mimi huangalia miguu yake mara mbili. Jumatano nataka mwanafunzi mmoja aje asome hapa, nikimwona kwa macho yangu."

Kasuku alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Usiku huo wala kesho yake chakula hakikumpendeza.

Jumatano, mwalimu wa darasa ndiye aliyemchagua msomaji, akamchagua Kimya kwa sababu hakuwa na kazi ya zamu. Njia nzima kuelekea ofisini Kasuku alitembea mbele yake bila kugeuka. Kimya aliketishwa mbele ya kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na hadithi fupi ya kuku aliyetagia kabatini. Mama yake Kimya alikuwa amempigia pasi shati, naye aliweka mikono yake miwili juu ya meza kama mtu aliyealikwa.

Akaanza. "Ku-ku... kuku wa bi-bi..." Akangoja. Neno "bibi" likatoka vizuri, lakini kompyuta ilikuwa imekwisha kulipita. Neno likawa jekundu. La pili likawa jekundu. Mstari mzima ukawa mwekundu, na uliofuata pia, ingawa kila neno alilosoma lilikuwa sahihi. Mwisho wa ukurasa yalikuwepo maneno matatu tu ya kijani.

Kimya aliitazama skrini kwa muda.

"Ba-basi," akasema polepole, "kumbe mimi si-sijui kusoma."

Hakulia. Alisema kama mtu aliyeambiwa jambo na mkubwa, akaliamini.

"Unajua kusoma," Mama Mdogo alimwambia haraka. "Kosa ni langu. Lakini sielewi. Kompyuta tumeifundisha kwa sauti yako, namba kumi na tisa. Nimekosea wapi?" Akavuta kompyuta, akaanza kupekua, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Bosi, nadhani nianze upya. Yote."

"Siku zimebaki mbili," Bosi akasema. "Kwani lazima Ijumaa asome huyu? Tuwachague wanaosoma harakaharaka."

"Na programu ikianza kutumika darasani, huyu atasomea wapi?"

Kasuku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Lakini Kimya alikuwa ameanza kuchukua mkoba wake, na Kasuku aliona kwamba akitoka mlangoni na neno lile, atatembea nalo mpaka ukubwani.

"Mama Mdogo, hujakosea," akasema, na sauti yake mwenyewe, ile ya kweli, ilimtoka kwa shida kuliko zote alizowahi kuiga. "Namba kumi na tisa si Kimya. Ni mimi. Na wengine sita ni mimi. Niliwasomea nyumbani, chini ya blanketi."

Mama Mdogo alitafuta rekodi ya kumi na tisa, akaifungulia. Sauti ya upole ikatiririka: "Baba amefunga mlango wa ghala."

Kimya alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Hu-huyo ni mimi?" akauliza.

"Samahani," Kasuku akasema. "Niliona utanichelewesha."

"Ana sauti ya mbu-mbuzi aliyeshiba." Na Kimya akacheka, na kwa kicheko chake Kasuku ndipo alipolia.

Mama Mdogo hakucheka. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia akae.

"Nimekasirika, sitakudanganya. Lakini sikiliza ulichofanya, maana ni kikubwa kuliko unavyodhani. Tulipoifundisha kompyuta, ilikusikia wewe. Tulipoitahini, ilikusikia wewe tena. Ni sawa na mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani nyumbani. Atapata tisini na nne, na hajui kitu. Na kuna jingine." Akamgeukia Kimya. "Programu hii ikisikia kimya cha sekunde moja, hudhani msomaji amemaliza, nayo husonga mbele. Hata kigugumizi sikuwahi kukifikiria. Ningesikia sauti yako halisi siku ile ya kwanza, ningeligundua."

Kisha akashusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mabega yake yakalegea.

"Afadhali," akasema. "Wallahi afadhali. Siku mbili hizi nilikuwa natafuta ugonjwa nisioujua. Sasa naujua. Nami nina kosa langu: nilitakiwa kuweka kando watoto kadhaa ambao kompyuta haijawasikia kabisa, niitahini kwa hao. Nilifanya haraka kwa sababu ya Ijumaa."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Bosi akasema, akaifuta ile 94 kwa mkono wa shati. Ilimwuma kuifuta, ilionekana.

Alasiri ile na kesho yake, Kasuku aliwafuata wale saba mmoja mmoja, akiwaomba radhi kabla ya kuwaomba sentensi. Wawili walimcheka, mmoja alimfanya abebe mkoba wake mpaka nyumbani. Kimya alimaliza mapumziko yote na nusu ya mapumziko ya pili. Nje kamba ilikuwa ikipiga chini, pa, pa, pa. Kasuku alikaa juu ya mkeka wa mazoezi, mikono mapajani, akangoja. Baada ya sentensi ya nne aliacha kuihesabu kamba. Aligundua kwamba Kimya alikuwa na sauti nzuri, nzito kidogo, na kwamba alisoma "ghala" kwa usahihi kuliko mtu yeyote darasani.

Usiku ule Mama Mdogo aliirekebisha programu imngoje msomaji, akaitahini upya kwa watoto aliowaweka kando. Ijumaa asubuhi, Bosi aliandika namba mpya kwenye kioo: 81.

Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani na maneno machache, aliisoma kabla hata ya kuketi.

"Kwenye simu niliambiwa tisini na nne."

Bosi alikohoa. Mama Mdogo akafungua mdomo, lakini Kasuku alikuwa amekwisha simama. Alieleza yote, kuanzia kamba mpaka blanketi, bila kujitetea. Mama Mdogo akaongeza kosa lake mwenyewe, tena bila kulipunguza. Mwalimu Mkuu alimwashiria Kimya, aliyekuwa ameketi tayari mbele ya kompyuta, asome.

"Ku-ku... kuku wa bi-bibi..." Kompyuta ikangoja. Ikangoja tena. Neno likawa la kijani. Kasuku hakupumua mpaka mwisho wa mstari. Ukurasa wote ukawa wa kijani, isipokuwa maneno matatu.

"Hili na hili kompyuta imekosea," Mama Mdogo akasema kwa uwazi. "Bado ina kazi."

"Na hili la tatu?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Hi-hilo nimekosea mimi," Kimya akasema. "Nimesoma 'kabati', imeandikwa 'kabatini'." Alionekana ameridhika na kosa lile kuliko na maneno yote ya kijani.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Muhula mmoja, darasa moja," akasema. "Tukiona inafaa, tutaongeza. Tisini na nne ingenifurahisha leo na kuwaumiza watoto wangu mwaka mzima. Themanini na moja ninaweza kuiamini, kwa sababu mmenionyesha palipobaki. Njia ya mwongo ni fupi, na nyinyi mmegeuka mapema."

Alipotoka, Bosi alikaa chini, sakafuni, na ufagio wake, akacheka peke yake kwa furaha. Mama Mdogo alikwenda kunawa uso. Jioni wakatembea kurudi nyumbani watatu, Kimya akiwa njia moja nao, na Kasuku alijisikia mwepesi kama aliyetua gunia.

"Hutahama, basi?" akamwuliza Mama Mdogo.

"Sihami. Mama yako ataendelea kutugongea ukuta." Kisha akapunguza mwendo. "Lakini jambo moja ulishike, mwanangu. Kipaji chako si kosa. Iga mlinzi, iga mwalimu, tuchekeshe. Ila mtu aliye hai na mwenye mdomo, usimsemee kwa sababu tu yeye anachelewa. Kazi ukiifanya nusu, ile nusu nyingine haipotei. Humwangukia mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yule asiyeweza kulalamika."

Kimya alikuwa akitembea kando yao. Alifungua mdomo aseme kitu, neno likamkwama. Kasuku na Mama Mdogo wakasimama, wakamngoja.